Kupanda Mboga Nyumbani Lamu Mjini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya wakazi wa Mkomani, Langoni na mitaa ya jirani ambao wana kiwanda (ua wa ndani) kidogo katikati ya nyumba, au paa, au dirisha tu, na ambao siku yao imeshajaa kazi, watoto na shughuli za maji. Swali la mwisho ni la wenzetu wa Malindi. Shauri letu kuu utalikuta karibu kila jibu: usianze na mmea unaoutamani. Anza na mahali unapopita kila siku na maji unayomwaga kila siku. Mboga nyingi za mjini hufa katika wiki ya tatu kwa sababu ziliwekwa mahali ambapo mtu alilazimika kwenda makusudi.

Nyumba yangu ni ndogo sana. Kweli nitapata chakula?

Utapata mboga za majani, viungo na pilipili. Unga na viazi hutapata. Piga hesabu kabla ya kununua chochote. Mche mmoja wa sukuma wiki uliotunzwa hutoa majani 2 au 3 kwa wiki, na mlo mmoja wa watu 6 unakula majani kama 40. Kwa hiyo miche 20, yaani ndoo 10 za lita 20 zenye miche miwili miwili, ni mlo mmoja kwa wiki. Mchicha una faida zaidi: eneo la mita 1 ya mraba hutoa kilo 1 hadi 2 kila ukikata, na unaweza kukata mara 2 au 3 kabla ya kupanda upya.

Vitunguu, viazi na kabichi viache viendelee kuvushwa kutoka Mokowe, upande wa bara. Vinakaa siku nyingi bila kuharibika na vinakula nafasi. Panda vile vinavyonyauka njiani kabla ya kufika jikoni: mchicha, dania, nanaa, majani ya kunde.

Kiwanda changu kina kivuli karibu siku nzima. Je, kinafaa?

Pima kwanza. Siku moja yenye jua, angalia saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa alasiri, uone jua linagusa wapi hasa. Mahali penye jua kwa muda wa saa 6 au zaidi panafaa nyanya, bamia, biringani na pilipili. Saa 4 zinatosha mchicha, sukuma na kunde za majani. Saa 2 au 3 za jua la asubuhi zinatosha nanaa, dania na tangawizi. Chini ya hapo, nafasi hiyo itumie kwa kitalu cha kuoteshea mbegu, kisha miche ipande juu. Kuta zilizopakwa chokaa jeupe husaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu hurudisha mwanga chini; ukuta ulioota kuvu nyeusi haurudishi kitu.

Nianze na nini hasa?

Vyombo vinne: kimoja cha mchicha, kimoja cha nanaa, kimoja cha pilipili, kimoja cha majani ya kunde. Hivi vinne vinavumilia joto letu na kosa moja moja la mwenye nyumba. Mchicha huota siku 3 hadi 5 na huanza kukatwa baada ya wiki 4. Kata ukiacha shina la sentimita 10 ili lichipue tena. Kunde huota haraka, na majani yake machanga huchumwa wiki ya tatu au ya nne. Nanaa usipande kwa mbegu, omba vijiti kwa jirani, viweke kwenye glasi ya maji wiki moja vitoe mizizi.

Ongeza chombo cha tano pale tu hivi vinne vimevuka mwezi mmoja bila kukusumbua.

Vyombo vipi vinafaa?

Dumu la manjano la mafuta ya kupikia la lita 20 ndilo bora kwa bei na uimara. Lilaze, kata ubavu mmoja wa juu kwa urefu, utapata kihori cha mchicha chenye kina cha kama sentimita 20. Likate shingo tu na ulisimamishe, utapata chombo cha nyanya, bamia au sukuma, ambazo zinataka kina cha sentimita 30 au zaidi. Osha mafuta kwa sabuni na maji moto kabla ya kujaza.

Toboa matundu 5 au 6 ya upana wa sentimita 1 chini, na mengine mawili ubavuni, sentimita 2 kutoka chini, kwa sababu chombo kikikaa bapa juu ya sakafu matundu ya chini huziba. Usiweke kokoto chini ukidhani zinasaidia maji kutoka. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto. Hukusanyika juu yake na mizizi inaoza mapema zaidi.

Chombo cheusi juu ya paa mwezi wa Februari hupika mizizi. Kipake chokaa nje, au kifunge gunia.

Usitumie pipa lililowahi kubeba dawa za kilimo, rangi ya vyombo vya baharini au mafuta ya injini, hata likioshwa mara ngapi.

Paa langu ni la zamani, la boriti na chokaa. Litahimili?

Hapa hatushauri ujasiri. Udongo uliolowa una uzito wa kilo 1.2 hadi 1.8 kwa kila lita, kwa hiyo dumu moja lililojaa ni kilo 25 hadi 35. Vyombo kumi ni uzito wa watu wanne au watano wanaosimama hapo mchana na usiku. Boriti za mikoko katika nyumba za mawe zimekaa juu ya kuta nene. Uzito uwe karibu na kuta hizo, usiwe katikati ya chumba.

Lakini kinachoharibu paa la zamani zaidi ni unyevu. Maji yanayochuruzika mahali pamoja kila jioni hupenya nyufa za chokaa, yakafika kwenye boriti, na boriti huoza kichwani, pale inapoingia ukutani, ambapo huoni. Inua kila chombo juu ya matofali mawili, weka sinia au kifuniko cha ndoo chini yake, na umwage maji ya ziada. Kila mwezi angalia dari ya chumba cha chini. Ukiona alama ya maji au unga wa chokaa ukidondoka, teremsha vyombo siku hiyo hiyo na umwite fundi.

Nitoe wapi udongo? Mchanga wa ufuoni unafaa?

Mchanga wa ufuoni haufai: una chumvi, na vipande vyake vya matumbawe na makombe ni chokaa tupu. Usichukue pia udongo wa mahali ambapo mashua na majahazi hukwanguliwa na kupakwa rangi, kwa sababu rangi za chini ya chombo huwekwa sumu makusudi ili viumbe vya bahari visishike.

Mchanganyiko tunaoutegemea ni madebe 2 ya udongo wa shamba, madebe 2 ya mboji iliyoiva na debe 1 la vumbi la makumbi ya nazi. Vumbi hilo hushika maji vizuri kuliko kitu chochote cha bei yake. Ila makumbi mengi ya kwetu yamezikwa pwani ili kupata usumba wa kamba, na yamekunywa maji ya bahari. Yaloweke katika maji matamu usiku kucha, yakamue, rudia mara tatu. Onja tone la maji ya mwisho kwenye ncha ya ulimi; kama bado kuna chumvi, endelea.

Samadi ya punda iko kila kona. Naweza kuitumia moja kwa moja?

Hapana. Ikiwa mbichi huchoma mizizi, ina mbegu za magugu ambazo tumbo la punda halikuzisaga, na inaweza kubeba vimelea. Ikiiva ni mali kubwa ambayo mji huu unaifagia na kuitupa.

Kusanya asubuhi, kabla jua halijaikausha na miguu haijaitawanya. Lundo liwe la mita 1 kila upande kama una nafasi, kwani dogo zaidi ya hapo halipati joto. Changanya na maganda ya jikoni na majani makavu, lisilowe sana: kamata konzi, kamua, yatoke matone mawili tu. Ndani lifike nyuzi 55 kwa siku tatu au zaidi. Ukichomeka nondo katikati, ukaitoa baada ya dakika 10 na ushindwe kuikamata mkononi, joto linatosha. Geuza kila wiki kwa mwezi wa kwanza ili kilichokuwa nje kiingie ndani. Wiki 8 hadi 12 huwa limepoa na linanuka udongo wa mvua.

Asiye na nafasi ajaze gunia, alitoboe, aliweke kivulini miezi 4. Gunia halipati joto la kuua vimelea, kwa hiyo mboji yake itumie kwa pilipili, bamia na ndimu, si kwa majani yanayoliwa mabichi.

Vaa glavu. Vijidudu vya pepopunda huishi katika kinyesi cha punda na farasi, na huingia kwa mkwaruzo mdogo usiouhisi. Kama hukumbuki chanjo yako ya mwisho ya pepopunda, pitia zahanati kwanza.

Jivu la jikoni je? Mama zetu walilitumia.

Bara, kwenye udongo wenye asidi, jivu ni dawa. Hapa udongo umekaa juu ya matumbawe, tayari una chokaa nyingi, na jivu linazidisha lile lile lililopo pamoja na chumvi zake. Liache lisuguliwe masufuria.

Maji ya kisima chetu yana chumvi. Nifanyeje?

Hili ndilo swali linaloamua kila kitu Lamu, na linastahili jibu refu.

Maji matamu ya kisiwa ni mvua iliyochujwa na vilima vya mchanga vya Shela, ikatulia chini ya ardhi juu ya maji mazito ya bahari. Kiangazi kikirefuka, au visima vikivutwa kupita kiasi, tabaka tamu hupungua na chumvi hupanda. Ndiyo maana kisima kile kile kinaweza kufaa mwezi wa Juni na kisifae mwezi wa Machi.

Kipimo kidogo cha umbo la kalamu kinachopima umeme wa maji kinatosha. Mwongozo wa shirika la FAO unasema maji yaliyo chini ya 0.7 desisimensi kwa mita hayana kizuizi, 0.7 hadi 3.0 yanataka uangalifu, na zaidi ya 3.0 ni shida kubwa. Kama kipimo chako kinaandika mS/cm, namba ni ile ile. Usipokuwa nacho, onja. Maji ambayo ulimi unahisi chumvi yake tayari yamezidi kwa maharagwe, karoti, vitunguu, na mara nyingi kwa pilipili hoho na ndimu. Nyanya huvumilia kidogo zaidi. Kunde huvumilia vizuri, na ndio sababu tunaipendekeza kwa kila anayeanza.

Chumvi haiondoki na mvuke. Kila siku unamwagilia, maji yanapaa, chumvi inabaki, na baada ya wiki sita chombo kina chumvi mara kadhaa ya kisima. Dalili ni unga mweupe ukingoni mwa chombo, na majani ya zamani kukauka kuanzia nchani kama yaliyobabuliwa. Watu wengi wakiona hivyo hudhani mmea una njaa, wakaongeza mbolea, ambayo nayo ni chumvi, na mmea unakufa.

Dawa yake ni hii. Kila unapomwagilia, mimina mpaka maji kidogo yatoke chini, kama moja ya tano ya uliyomimina. Usinyunyize juu juu. Na kila baada ya wiki mbili au tatu, au mvua inapokuja, osha udongo kwa maji matamu kiasi cha mara mbili ya ujazo wa chombo, polepole, kwa awamu tatu. Funika udongo kwa majani makavu au makuti yaliyokatwakatwa ili maji yasipae haraka. Na maji yakiwa machache, maji matamu yape miche michanga, ya kisima yape mimea mikubwa. Mche wa wiki mbili huumia kwa chumvi ambayo mmea mkubwa huivumilia.

Maji ya udhu na ya kufulia yanafaa?

Ya udhu yanafaa sana. Ni safi, hayana sabuni, na yanapatikana kwa saa zinazojulikana. Weka beseni chini ya mfereji: watu wanne nyumbani, hata kwa lita 1 tu kila mmoja kila sala, hukusanya lita 20 kwa siku. Ndoo ya lita 20 yenye sukuma iliyokomaa inataka lita 1 hadi 2 kwa siku wakati wa kaskazi, yaani miezi ya joto ya Desemba hadi Machi, kwa hiyo hayo peke yake yanalisha vyombo 10 au zaidi. Hatujui mpango wa maji ulio rahisi kuliko huu. Maji ya kuoshea mchele nayo ni mazuri.

Maji ya kufulia yatumie ya suuza ya mwisho tu, kama hujatia dawa ya kung'arisha nguo, na uyamwage kwenye udongo, yasiguse majani. Maji yaliyochemsha samaki kwa chumvi usitumie. Na maji ya mtaro wa mtaani usiyaguse kabisa kwa mboga, yana kinyesi, na mboga za majani ndizo zinazobeba homa ya matumbo na kipindupindu mpaka mezani.

Nikikinga mvua nitapata kiasi gani?

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Ondoa moja ya tano kwa upotevu. Paa la mita 40 za mraba na mvua ya milimita 20 hukupa lita 640 kwa siku moja. Lita 40 za mwanzo ziache zimwagike, zinasomba vumbi na kinyesi cha ndege.

Kila pipa lifunikwe kwa wavu wa mbu uliokazwa kwa mpira. Mlipuko wa chikungunya, homa inayoenezwa na mbu, wa 2004 hapa Lamu ulikuja wakati wa ukame, na ulihusishwa na maji yaliyowekwa majumbani bila kufunikwa. Sinia zilizo chini ya vyombo nazo zimwagwe kila baada ya siku mbili; mbu wa homa hiyo hahitaji maji mengi.

Nipande lini?

Mwaka wetu wa bustani hufuata pepo. Mvua za masika huanza mwishoni mwa Machi au Aprili, hukolea Mei, hupungua Juni. Kuanzia hapo mpaka Septemba ni kusi, na joto linapungua: huu ndio msimu wa sukuma, nyanya na dania. Otesha miche ya nyanya na sukuma Aprili mwishoni chini ya paa, ili mvua kubwa isiipige, kisha pandikiza mwishoni mwa Mei. Vuli ya Oktoba hadi Desemba ni fupi, lakini inatosha kusafisha chumvi na kuotesha bamia, kunde na mchicha. Kaskazi ya Desemba hadi Machi ni kavu na ya moto. Baki na mchicha, kunde, bamia, biringani, pilipili, na upunguze idadi ya vyombo badala ya kung'ang'ania yote.

Kusi huja na nguvu na chumvi ya bahari. Usiweke ukuta mzima wa mabati kuuzuia, upepo unaruka juu na kuanguka kwa kishindo upande wa pili. Ua wa makuti yenye nafasi nusu kwa nusu hupunguza kasi vizuri zaidi. Baada ya siku ya upepo mkali wa bahari, suuza majani kwa maji matamu.

Nyanya zangu zinachanua lakini hazizai.

Ni joto la usiku. Usiku ukibaki juu ya nyuzi 24, chavua hudhoofika na maua hudondoka. Machi na Aprili usiku wetu uko hapo hapo. Ndiyo sababu ya kupanga uchanuaji uwe Julai na Agosti. Nyanya ndogo za mkungu huvumilia zaidi kuliko zile kubwa. Tikisa shina taratibu asubuhi, saa nne hivi, chavua idondoke.

Zikizaa na kitako kikawa cheusi, si ugonjwa wa kuambukiza. Kalsiamu haikufika kwenye tunda kwa sababu maji yalikuwa leo mengi, kesho hakuna, au udongo una chumvi. Kuongeza chokaa hakusaidii. Mwagilia kiasi kile kile kila siku.

Dania huota, halafu hutoa maua baada ya wiki chache.

Joto na kiu huifanya ikimbilie mbegu. Ponda mbegu zigawanyike mara mbili, loweka usiku mmoja, panda moja kwa moja kwenye chombo chake maana haipendi kuhamishwa, weka penye jua la asubuhi tu. Panda kidogo kila baada ya wiki 3. Ina siku 30 hadi 40 za kuvunwa, basi.

Majani machanga ni ya njano lakini mishipa yake ni ya kijani.

Mmea umekosa chuma. Chuma kipo, ila udongo wenye chokaa nyingi umekifunga. Ongeza mboji konzi mbili kila baada ya wiki tatu, acha jivu, na kama umechelewa sana nunua mbolea ya chuma aina ya EDDHA, kwani aina nyingine nyingi hazifanyi kazi kwenye udongo kama wetu. Majani ya zamani, ya chini, yakiwa njano kote, hiyo ni njaa ya naitrojeni, na samadi iliyoiva inatosha.

Wadudu: mwarobaini unafanya kazi kweli?

Unafanya kazi kwa vidukari, nzi weupe na viwavi wachanga, ukitengenezwa sawasawa. Chukua gramu 500 za kiini cha mbegu kavu zisizo na kuvu, twanga kwenye kinu kisichotumika kwa chakula, loweka kwenye lita 10 za maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia kijiko kimoja cha sabuni ya maji kwa kila lita 5. Nyunyiza jioni, chini ya majani, kwa sababu jua huharibu dawa yake kwa muda mfupi. Rudia baada ya siku 5 hadi 7. Haiui papo hapo. Mdudu huacha kula na kukua. Anayemwaga baada ya siku moja kwa sababu bado anawaona hakuipa nafasi.

Wakati wa kaskazi adui mkubwa ni utitiri: majani hupata nukta za njano na utando mwembamba chini. Huyu anapenda ukavu. Mpige kwa maji chini ya majani kila asubuhi siku tano mfululizo, mara nyingi inatosha.

Bamia ikidumaa bila sababu, ing'oe utazame mizizi. Ikiwa na vinundu, ni minyoo ya udongo, na mchanga huwapenda. Udongo huo ulowanishe, uingize kwenye nailoni angavu, ufunge, uweke juani wiki 4 hadi 6. Msimu wa Februari na Machi unafaa sana kwa kazi hiyo.

Paka, kunguru na punda!

Paka hutaka udongo laini wa kuchimba. Tandika wavu wa kuku juu ya udongo, miche ipite katikati. Matundu madogo humkera miguu. Kinyesi cha paka hubeba vimelea vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo mjamzito asishike udongo wa vyombo bila glavu. Kunguru hung'oa miche na kudonoa nyanya zinapoanza kuwiva: chuma nyanya zikianza tu kugeuka rangi, zitaivia jikoni bila kupoteza ladha. Na chochote unachoweka barazani chini ya mita moja na nusu umekipanda kwa ajili ya punda na mbuzi.

Ramadhani na safari?

Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari, katikati ya ukavu, wakati dania na pilipili ndizo zinazotafutwa zaidi. Panda dania siku 40 kabla, kivulini. Kumwagilia kuwe baada ya alasiri, pamoja na maji ya udhu.

Ukisafiri siku 3 hadi 5, sogeza vyombo vyote kivulini vikaribiane, mwagilia mpaka yatoke chini, kisha pitisha tambara la pamba kutoka ndoo ya maji iliyoinuliwa mpaka ndani ya udongo, kina cha sentimita 8. Tambara la nailoni halivuti maji. Zaidi ya siku 5, mkabidhi jirani na umwambie mavuno ya siku hizo ni yake.

Ndimu kwenye pipa?

Inawezekana kwa pipa la lita 60 hadi 100, mche uliounganishwa, na maji matamu tu. Mche wa kuunganisha huanza kuzaa mwaka wa pili au wa tatu. Kama huna maji ya mvua ya akiba, usijaribu. Ndimu ni dhaifu mbele ya chumvi.

Naweza kuweka mbegu zangu mwenyewe?

Mchicha, bamia, kunde, pilipili na dania, ndiyo. Kausha kivulini, tia kwenye chupa yenye vipande vya mkaa mkavu, funga. Unyevu wetu wa hewa unaua mbegu ndani ya miezi michache zikiachwa kwenye karatasi. Sukuma inunue kila mwaka, kwani inahitaji baridi ili itoe maua na baridi hiyo Lamu haipo.

Nahitaji kibali?

Vyombo unavyoweza kunyanyua, mara nyingi hapana. Lakini Mji wa Kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Ukitaka kujenga kitu cha kudumu juu ya paa, kutoboa ukuta wa nje au kufunga tangi linaloonekana, waulize kwanza Makumbusho ya Taifa na ofisi ya kaunti.

Niko Malindi. Hayo yote yananihusu?

Pepo, joto na kalenda ni vile vile. Tofauti ni mbili. Kwanza, nyumba nyingi za Malindi zina ua, kwa hiyo panda ardhini: tuta la upana wa mita 1, usilolikanyaga, lililochanganywa ndoo 2 za mboji kwa kila mita ya mraba. Pili, maji ya mfereji ya Malindi hutoka Baricho, kando ya Mto Sabaki, na kwa kawaida ni matamu kuliko visima vya karibu na bahari. Mwenye mfereji anaweza kujaribu hoho, vitunguu vya majani na ndimu bila wasiwasi mwingi. Mwenye kisima karibu na ufuo arudi kwenye jibu la chumvi, na apime Machi, kisima kinapokuwa kibaya zaidi, kabla ya kununua mbegu za mwaka.